Babu Yangu Hakuandika Makala Haya

Mtu anayegombana kwa ajili ya nukta na mkato huchekwa. Nami namwomba msomaji wangu acheke kwanza, kisha anisikilize, kwa sababu ugomvi ninaotaka kuueleza ni wa nukta na mkato, na nimeubeba miaka mingi bila ya kuutua.

Mwaka 2016 nilipeleka mswada wa makala kwa jarida moja la kitaaluma la ng'ambo. Makala yalikuwa kwa Kiingereza, na yalihusu maneno ya ususi katika vijiji vya kusini Unguja: ukindu unavyochumwa, unavyoanikwa, unavyochanwa na kutiwa rangi, unavyosukwa ukawa ukili, na ukili unavyoshonwa ukawa mkeka, msala, kawa au mkoba. Kila hatua ina maneno yake, na mengine sikuyakuta katika kamusi yoyote niliyokuwa nayo. Nilikuwa mhadhiri, na chuoni kwetu mwalimu hapandi daraja bila ya makala. Nasema hili mapema ili msomaji ajue kwamba sikuwa shujaa.

Baada ya miezi mitano mswada ulirudi na maoni kumi na saba. Moja lilihusu ukili. Kumi na sita yalihusu orodha ya marejeo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwamba nimeandika jina la kila mtu kama mwenyewe alivyoliandika kwenye jalada la kitabu chake. Nikaamriwa niyageuze yote: jina la ukoo litangulie, lifuatwe na mkato, kisha herufi za mwanzo za majina yaliyobaki, na nukta baada ya kila herufi. Hiyo ndiyo kanuni, na kwa Mwingereza au Mjerumani ni kanuni nzuri, maana kwao jina la mwisho ndilo linalowakusanya watu wa nyumba moja. Kwetu sisi walio wengi wa pwani sivyo. Mtu akiitwa Ali Juma Faki, Ali ndiye yeye mwenyewe, Juma ni baba yake, na Faki ni babu yake. Ukimwandika "Faki, A. J." umemfufua mzee aliyelala kaburini, ukamkabidhi kalamu, na mjukuu aliyekesha akiandika umemfanya herufi moja.

Babu yangu mimi alikuwa mvuvi. Alisoma Kurani, akajua nyota na upepo, na katika maisha yake hakushika ukili hata siku moja, kwa kuwa kwetu ususi ni kazi ya wanawake. Leo yumo katika maktaba za Ulaya kuwa ni mtaalamu wa ususi. Angekuwa hai angecheka mpaka kikohozi kimshike. Lakini babu yangu hakuandika makala haya, wala yale.

Msomaji asidhani ni kisa changu peke yangu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa Shaaban mwana wa Robert. Katika orodha anakuwa "Robert, S.", na mgeni akisoma ndani ya matini "kama anavyosema Robert", atadhani anasomeshwa na padri wa Kiingereza. Zanzibar ina waandishi wawili mashuhuri wa riwaya, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed. Kanuni inawasimamisha pamoja, "Mohamed, M. S." na "Mohamed, S. A.", na mwanafunzi asiyekuwa mwangalifu huchukua riwaya ya mmoja akampa mwingine. Utaratibu uliobuniwa ili watu wasichanganyike ndio unaowachanganya.

Najua wako wenzetu wanaotumia jina la mwisho kwa hiari yao. Euphrase Kezilahabi aliitwa Kezilahabi na kila mtu, na kumwandika "Kezilahabi, E." si kumdhulumu. Tena wako wenye nisba ya ukoo, nao wana haki ya kuitwa kwa nisba hiyo. Ninachodai ni kwamba mtu aulizwe jina lake, asipangiwe.

Tazama jambo la Mwana Kupona binti Msham. Utendi wake kwa binti yake ni wa mwaka 1858. Mama huyu, katika beti za mwisho, alitaja jina lake, akataja jina la baba yake, akataja kwamba amezaliwa Pate, na akataja mwaka wa Hijria, 1275. Mwandishi, mahali, mwaka: ni nini kingine ambacho mhariri anakitaka? Alitimiza masharti ya marejeo kabla hayo masharti hayajazaliwa. Mwaka 1934 utendi ulichapishwa na Alice Werner na William Hichens, na tangu hapo mara ngapi tumeona ukitajwa kuwa ni "Werner na Hichens 1934", au, likijaribiwa kutajwa jina la mwenyewe, ni "Kupona, M."? Hiyo M. ni neno Mwana. Heshima aliyopewa na watu wake imekatwa ikawa herufi, kama kwamba ni jina alilobatizwa.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, na jina lililo juu yake ni la Carl Velten. Sehemu kubwa ya kitabu hicho iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili na akafia huko mwaka 1927. Yeye ndiye aliyekuwa anajua harusi inavyokwenda, mtoto anavyopewa jina, maiti anavyozikwa. Velten alikusanya, akapanga, akachapisha. Hiyo nayo ni kazi, na sitaki kuidharau. Lakini "Velten 1903" ndiyo iliyopita katika tanbihi za wataalamu, moja ikizaa nyingine, na jina la Mtoro halikupanda katika anwani ya kitabu mpaka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1981. Hesabu mwenyewe: miaka sabini na minane. Wakati huo wote hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alifuata kanuni: andika jina lililo kwenye jalada.

Sasa nifike kwenye jeraha lenyewe.

Nusu ya makala yangu ilitoka kinywani mwa mtu mmoja, bibi msusi aliyekwisha kupita miaka themanini. Mwaka 2015 nilikaa naye barazani kwake mara kumi na moja. Hakupenda kueleza kwa maneno. Alinipa ukili mikononi, na nikikosea aliufumua bila ya kusema kitu, akanirudishia nianze upya. Majina ya mishono aliyataja pale tu nilipokuwa nimeshika mshono wenyewe. Siku ya mwisho, nilipokuwa nakunja karatasi zangu, aliniuliza:

"Haya unayoandika, mwanangu, utasema umeyapata wapi?"

"Nitasema umenipa wewe, bibi."

"Basi taja na jina la baba yangu, na mtaa huu. Wenye jina langu hapa tupo wanne, na mmoja wao hajui hata kushona ukili."

Nimesomeshwa utafiti na maprofesa wa nchi tatu, na hakuna aliyenieleza maana ya marejeo kwa ufupi kama bibi yule. Sema umetoa wapi. Mtaje kwa namna ambayo hatachanganywa na mwingine. Ili anayetaka kuhakikisha ajue aende mlango gani.

Nikamwahidi. Katika mswada nikamwandika ndani ya orodha pamoja na wenye vitabu: jina lake, la baba yake, kijiji, mtaa, na tarehe za mazungumzo yetu. Maoni ya kumi na nne ya mhariri yalikuwa kwamba nimwondoe. Jarida linafuata kanuni ya APA, yaani ya Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, na kwa kanuni hiyo mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata hayaingii katika orodha. Yanatajwa ndani ya matini tu, katika mabano: herufi moja ya jina, jina la mwisho, kisha maneno "mawasiliano binafsi" na tarehe.

Nikakubali. Niliketi usiku mmoja nikageuza yote kumi na sita, nikapeleka, makala yakatoka, na daraja nikapanda.

Makala yalipochapishwa nilimpelekea nakala. Mjukuu wake wa kidato cha pili akaichukua akafungua nyuma kabisa, kwenye orodha, kwa kuwa skuli wamefundishwa kwamba majina hukaa huko. Akapitisha kidole mara mbili. "Bibi, humu jina lako hamna." Nikamwonyesha kurasa za ndani, yale mabano. Jina lake mwenyewe lilikuwa herufi moja na nukta. Lililoandikwa kamili lilikuwa la babu yake. Bibi akasema, "Labda wamesahau," akamwagiza mjukuu alete chai, na baadaye akanihimiza nisichelewe gari la mwisho. Alifariki mwaka 2018.

Jina lake silitaji hapa. Ahadi yangu ilikuwa kuliweka katika orodha ya marejeo, na kitabu hiki hakina orodha. Nikilitoa katikati ya ugomvi wangu nitakuwa nimemtumia kwa mara ya pili.

"Mawasiliano binafsi"! Ubinafsi uko wapi? Maarifa ambayo wanawake wa vijiji vizima wamerithishana, mama kwa binti, yameitwa mazungumzo ya faragha, kama kwamba mimi na bibi tulikuwa tukisengenya majirani. Na muuza vitabu aliyepita kijijini kwa wiki mbili akachapisha kijitabu chenye makosa, huyo anaingia orodhani kwa heshima zote, kwa sababu ana mchapishaji.

Mhariri ana hoja, nami nitamtendea haki kwa kuitaja. Atasema: msomaji aliyeko Oslo atamhakiki vipi bibi wa kijijini? Je, kila mtu akiruhusiwa kuleta bibi yake, si tutaletewa mabibi wasiokuwepo? Hoja hiyo ina uzito. Lakini orodha hizo hizo zinapokea vitabu vilivyokwisha kuadimika, ambavyo msomaji wa Unguja hawezi kuvipata hata akiuza ng'ombe wake. Kwa nini ugumu wa Oslo uhesabiwe na ugumu wa Unguja usihesabiwe? Tena jina kamili, kijiji na mtaa ndivyo vinavyomzuia mwongo, kwa sababu vinaweza kuulizwa. Herufi moja na nukta haiulizwi na mtu. Bibi amefariki, lakini binti yake bado anashona ukili katika baraza ile ile. Anayelijua jina atafika. Anayeijua herufi hatafika popote.

Na asituambie mtu kwamba maneno ya mdomo hayana utaratibu. Waliosoma chuoni wanajua kwamba Hadithi haisimami bila ya isnadi yake: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka mwisho wa mnyororo. Imam Bukhari alifariki mwaka 870, na kabla yake na baada yake wanazuoni walijenga elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi: nani mkweli, nani msahaulifu, nani anadai kumsikia mtu ambaye hakupata kukutana naye. Mnyororo wa watu ulipimwa kwa ukali kuliko vitabu vingi vinavyopimwa leo. Waliofanya hivyo hawakuufuta mnyororo kwa sababu ni wa watu. Walitaja majina.

Linalonikera zaidi ni kuziona kanuni hizi zinafuatwa kama kwamba zimeteremshwa. Zina historia, na historia yake ni fupi. Mtindo wa kuweka mwandishi na mwaka ndani ya mabano hunasibishwa na Edward Laurens Mark wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala yake ya mwaka 1881 kuhusu mayai ya koa. Kitabu cha kanuni cha Chicago kilitoka mara ya kwanza mwaka 1906. Kanuni ya APA ilianza mwaka 1929 kwa kurasa saba tu. Leo ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wakaafikiana kutumia namba. Ni watu walioketi mezani wakakubaliana, kama wavuvi wanavyokubaliana siku ya kuvua.

Wala hawakukubaliana wao kwa wao. APA wanaweka mwaka baada ya jina. MLA wanausogeza karibu na mwisho. APA wanamtoa msailiwa katika orodha, MLA wanamwingiza. Kwa miaka mingi tuliwakata wanafunzi alama kwa kusahau mji wa mchapishaji. Mwaka 2019 toleo la saba la APA likatoka, na mji ukafutwa. Nani atawarudishia wanafunzi wale alama zao? Toleo hilo hilo limelegeza kidogo kwa wenye mapokeo ya mdomo, likataka mtu atajwe jina kamili na watu wake ndani ya matini. Ni hatua, nami nashukuru. Lakini bado yuko mlangoni; orodhani hajaingia.

Huko Iceland, ambako mtu huitwa kwa jina lake na la baba yake kama sisi, hata kitabu cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Nchi yenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingine ilikataa kugeuzwa, na dunia haikupasuka.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, si kwa wageni. Mgeni ameandika kanuni ya kwake. Sisi ndio tuliomfungulia mlango kisha tukalala nje. Nimekaa katika vikao vya kutahini tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, juu ya fasihi ya Kiswahili, na nusu saa nzima ikapita kwenye nukta na mlazo wa herufi, bila ya mtu kuuliza: mwanafunzi, kitabu hiki umekisoma? Nami nilikuwa mmoja wa waliokaa kimya. Matokeo yake tunayaona. Mwanafunzi huazima marejeo kutoka orodha ya mwenzake, na kosa la mwaka au la jina husafiri kutoka tasnifu hadi tasnifu kama chawa. Na sasa kuna programu za kompyuta zinazobuni vitabu visivyokuwepo, kila mkato ukiwa mahali pake. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuileta mbele yake orodha ya kesi ambazo hazikupata kuwepo, zilizotungwa na programu ya namna hiyo. Umbo lilikuwa sahihi. Ukweli haukuwamo.

Basi nasema ninachokitaka, ili nisiambiwe kwamba nalalamika tu. Majarida na vyuo vyetu viandike jina la mtu kamili, kwa mpangilio wake mwenyewe, na yaorodheshwe kwa jina analoitwa. Aliyetoa maarifa kwa mdomo, akiridhia, aingie katika orodha kwa jina, mahali na tarehe, sawasawa na mwenye kitabu. Aliyekusanya maneno ya wengine atajwe kuwa mkusanyaji, na wenye maneno watangulie. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga Mombasa karne nzima kabla ya Hichens kuichapisha diwani yake mwaka 1940. Hawezi kukaa nyuma ya Hichens. Na mtahini kabla ya kutafuta mkato, amwombe mwanafunzi amweleze kitabu kimoja tu kati ya alivyoviorodhesha.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ruhusa kutoka Washington. Linahitaji mhariri mmoja wa huku kwetu aandike ukurasa mmoja na kuushikilia.

Mezani kwangu kuna mswada wa pili, juu ya rangi za ukindu. Nimeuandika kwa Kiswahili. Orodha yake ina watu kumi na wawili, na wa nne kwa alfabeti ni bibi yule: jina lake, la baba yake, kijiji, mtaa, na tarehe kumi na moja za mwaka 2015. Wiki ijayo naupeleka. Mhariri akitaka kunirudishia kwa sababu ya ukili, nitakaa nirekebishe, maana inawezekana nimekosea. Akinirudishia kwa sababu ya jina, safari hii nitauchukua mswada wangu na kuondoka nao.